Toa O, Tia I

Nyuma ya maduka ya jumla ya Ngara kuna kiwanja ambacho asubuhi akina mama huanika nguo na jioni watoto hupigia mpira. Kwenye kona yake kuna benchi moja, na hakuna jambo la dunia hii ambalo benchi hilo halijalitolea hukumu. Kahawa ni ya Mzee Twahir, mtu wa Lamu aliyekuja Nairobi kwa wiki moja akasahau kurudi. Anayetaka kuketi hapo ana sharti moja tu, kwamba jina la nyumbani aliache nyumbani. Yule mzee mwembamba wa koti la kijivu ni Waziri, kwa kuwa alikuwa tarishi katika ofisi za Hurlingham miaka nenda miaka rudi, akabeba barua za wakubwa mpaka akaiga mwendo wao. Yule anayetembeza miwani ya kusomea mjini, moja machoni na nyingine utosini, ni Profesa. Fundi wa pancha ni Hewa, kwa sababu ya pampu yake na pia kwa sababu ya maneno yake. Na Nyakio, mwanamke pekee wa benchi, anayeuza vifuniko na chaja za simu kwenye kibanda cha ng'ambo ya kiwanja, ni Chaja. Hakuna aliyewahi kumwuliza jina jingine, naye hakuwahi kuuliza la mtu.

Jioni hiyo kahawa ilikuwa haimshuki Chaja. Kesho yake ukumbi wa wadi ungesikiliza maoni ya watu, kwa sababu Bwana Kibe, tajiri mwenye jengo la mbele, alikuwa ameomba kukigeuza kiwanja kuwa maegesho ya magari. Chaja alikuwa na siri mbili. Ya kwanza, yeye ndiye aliyeanzisha ile grupu ya simu ya kuokoa kiwanja, akijiita Kobe. Ya pili, kibanda chake kilikuwa cha kupanga kwa Bwana Kibe huyohuyo. Akijulikana, atafurushwa. Asiposimama mtu, kiwanja kimekwenda. Basi alikuwa akiomba Mungu atokee mtu mwingine yeyote wa kusimama.

Grupu ilikuwa na maelfu ya watu hapo mwanzo, wa majina na picha zao. Halafu ukaja uvumi kwamba watu wa Kibe wamo ndani, na Chaja kwa woga akaandika kwamba kila mtu avae gamba, yaani abadilishe jina na picha. Watu wakamtii kupita kiasi. Kila mmoja akajiita Kobe na kuweka picha ya kobe. Kobe akamtukana Kobe, Kobe wa tatu akaamua ugomvi, Kobe wa nne akatangaza viatu vya mtumba. Yeye mwenyewe alipojaribu kuwatuliza, Kobe mmoja alimwonya aache kujifanya Kobe. Watu walichoka, wakanyamaza mmoja mmoja.

— Nasikia ile grupu ya kiwanja imekufa, — Hewa alianza, akijifuta grisi mikononi. — Mimi simo. Nasikia tu.

— Hata mimi simo, — Waziri alisema upesi.

— Mimi niliingizwa na mtu, nikatoka, — Profesa alisema. — Sikukaa ata.

Chaja alitazama kikombe chake. Watu watatu wasiokuwamo, na wote wana habari za msiba.

— Kitambo simu ilikuwa inalia mpaka unaificha chini ya mto, — Hewa aliendelea. — Saa hii Kobe mwenye grupu ameuliza tangu asubuhi, nani ataenda kesho kuongea. Unajua amejibiwa nini? Kidole gumba. Moja.

— Na wewe si ulisema humo? — Chaja alimwuliza.

— Nimeambiwa.

— Haraka haraka haina baraka, — Waziri alisema. — Watu wanafikiria.

— Waziri, kikao ni kesho asubuhi, — Chaja alisema.

— Ndiyo maana nasema wasiharakishwe.

Mzee Twahir aliinua dele lake, birika la shaba, akamwongeza Chaja kahawa bila kuombwa. — Kidole gumba hakina mdomo, wanangu. Kesho ukumbini kitasema nini?

— Hapo kwa kidole ndipo shida ilianzia, — Waziri alisema, na sauti yake ikawa ya ofisini. — Mimi nimefanya kazi na wakubwa, naelewa. Ukibonyeza kile kidole unafikiria ni picha. Si picha. Ni alama yako, inaenda moja kwa moja kwa faili.

— Faili gani?

— Faili. Kuna chumba baridi sana, na kuna mama amekaa huko, kazi yake ni kupanga vidole. Hivi ni vya Ngara, hivi ni vya Kawangware. Watu wamejua, ndiyo maana wamenyamaza.

— Huyo mama anavaa miwani? — Profesa aliuliza, maana biashara ni biashara.

— Ya kusomea.

— Basi nitamtafuta. Lakini Waziri, umekosea. Watu hawajanyamaza, kwa sababu hakukuwa na watu. Kikulacho ki simuni mwako. Wewe ulishawahi kuona hao maelfu? Ulishawahi kukutana na mmoja hapa barabarani? Zile zilikuwa simu za Kibe, ameajiri vijana wamejaa chumba, wanaandika mchana na usiku. Grupu nzima ilikuwa na mtu mmoja wa ukweli.

— Nani?

— Wewe, Hewa.

— Mimi nimesema simo.

— Basi haikuwa na mtu. Na sasa nisikilizeni vizuri. — Profesa alishusha miwani ya utosini, akavaa juu ya ile nyingine. — Andika Kobe. Toa o, tia i. Umepata nini?

Hewa aliandika hewani kwa kidole, midomo ikicheza. Kisha akakaa wima.

— Manze! — alimaka.

— Herufi moja tu. Mwizi mwerevu hajifichi mbali. Kobe ndiye Kibe.

Kahawa ilimpalia Chaja. Alikohoa mpaka Mzee Twahir akampiga mgongoni, na machozi yaliyomtoka hayakuwa ya kahawa peke yake. Mwaka mzima alikuwa amelala na simu kifuani akiwajibu watu wasiojulikana, na shukrani yake ni kuitwa Kibe. Iliuma, naye hakuwa na pa kuusemea uchungu huo.

— Jina halimhukumu mtu, — Waziri alisema ghafla, kwa ukali ambao haukumfaa mtu aliyekuwa akizungumzia vidole. — Akina Kibe wako wengi.

— Wewe unawajua wangapi?

— Nimesema wako wengi. — Akageuka kuwatazama watoto wa mpira.

— Na huyo Kibe angejipinga mwaka mzima kwa faida gani? — Chaja aliuliza alipopata pumzi.

— Asiyejua maana haambiwi maana, — Profesa alimjibu. — Ndiyo maana sikuambii.

— Nyote mmepotea, — Hewa alisema. — Kobe si mtu. Ni roboti. Ushaona Kobe akituma maua ya habari za asubuhi? Ushaona akiomba bando? Ushaona akikosea kuandika? Hakuna mtu wa Nairobi anaweza andika mwaka mzima bila kutukana ata mara moja. Hiyo kitu iko nchi ya baridi, imewekwa kwa kabati, inachajiwa.

— Inachajiwa na nani?

— Si muulize Chaja hapa.

Walicheka wote, na Chaja akacheka baada yao kidogo. Kisha akaona hakuna njia ya kuzunguka.

— Sawa, ni roboti. Wewe Hewa, utaenda kesho?

— Mimi? Pampu nitaachia nani?

— Mwaka jana ulisema hapa kwamba wakileta mabati utalala mbele ya lori.

— Maji ukiyavulia nguo si lazima uyaoge, — Hewa alisema. — Unaweza kuvaa tena ukaenda nyumbani. Aende Profesa, ndiye ako na domo.

— Aende Waziri, — Profesa alisema. — Mambo ya ofisi ni yake.

Waziri alisema goti linamsumbua, akalishika goti la kushoto, halafu akakumbuka la kulia.

Wakiwa hapo alifika Mwalimu Fathiya, anayefundisha watoto madrasa ya barabara ya pili. Nusu ya waliokuwa wakipiga mpira ni wanafunzi wake. Alikuwa na kalamu mkononi na haraka usoni.

— Asalaam aleikum.

— Waaleikum salaam. Mgeni njoo, mwenyeji apone, — Mzee Twahir alisema, akampangusia nafasi kwenye benchi.

— Sikai, ami. Natoka ofisi ya wadi. Wamesema kesho hawatamsikiliza mtu ambaye jina lake halijapelekwa leo kabla hawajafunga. Nikajiuliza, ni nani akijuaye kiwanja hiki kuliko hawa wa benchi? Nipeni majina ya watu wanne, nirudi mbio.

Mbele ya mgeni benchi lilichangamka. Ushujaa wa kumtaja mwenzako ni rahisi.

— Andika Profesa, — Hewa alisema. — Huyo anaongea kushinda redio.

— Andika Hewa pia, — Profesa alisema.

— Na Waziri, — wakasema pamoja.

Mwalimu aliandika neno moja kiganjani mwake, akasita. — Profesa nani?

— Profesa tu.

— Nataka la kitambulisho, ndugu yangu. — Alimgeukia Hewa. — Huyu rafiki yako anaitwa nani?

Hewa alimtazama Profesa. Alimtazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya mlango wa nyumba yake akajikuta haijui. Akamtazama Waziri kuomba msaada, na Waziri akatazama chini.

— Mmekaa naye hapa muda gani? — Mwalimu aliuliza, taratibu, bila ubaya wowote.

— Miaka mingi. Ata mamake alipofariki tulichanga.

— Mlichanga kwa jina la nani?

— La Profesa.

Benchi lililojua vidole vimepangwa wapi na roboti imefichwa nchi gani halikujua mtu aliyeketi juu yake anaitwa nani. Mzee Twahir, ambaye peke yake alikuwa akitumia jina alilopewa na wazazi wake, alijishughulisha na makaa.

Chaja aliwatazama, akaelewa. Hivi ndivyo grupu ilivyokufa. Haikuuawa na Kibe wala mashine. Mtu hawezi kumsimamia asiyemjua, wala kumwonea haya. Alikifikiria kibanda chake, na mtoza kodi wa Kibe anayepita kila asubuhi akimwita mama kwa upole. Aliogopa. Akasema kabla woga haujamaliza hesabu zake.

— Mwalimu, andika Nyakio Muigai. Nauza chaja kwa jengo ya Kibe. Hiyo pia uandike.

— Kibe wa kiwanja? — Hewa alishtuka. — Si atakufukuza?

— Labda. Na tena, mimi ndiye Kobe.

Profesa alivua miwani ya kwanza. Akavua na ya pili.

— Wewe?

— Toa o, tia i, — Chaja alimwambia. — Haya, sasa jaribu na Nyakio, uone inatoa nini.

— Na mimi nimekuita roboti, — Hewa alisema kwa sauti ndogo.

— Ulisema sikosei kuandika. Hiyo nimepokea.

Hewa alikuna kichwa kwa mkono wa grisi. — Kile kidole gumba kilikuwa changu. Andika Nthiwa, Mwalimu. Mutua Nthiwa. Pampu nitaifunga.

— Ogutu, — Profesa alisema. — Barack si jina langu, msiulize. Vincent Ogutu.

— Ogutu? — Hewa alimkodolea macho. — Si nilidhani wewe ni mtu wa Murang'a.

— Na mimi nilidhani huna kwenu.

Wakati wanataniana, Nyakio alitoa simu. Akaandika kwenye grupu: Naitwa Nyakio, wa chaja, mkabala na kiwanja. Kesho nitasimama ukumbini. Kuna mwingine ana jina? Kobe mmoja akajibu kabla Nyakio hajaiweka simu chini: Emmah wa saluni, hapo juu yako. Nilidhani nimebaki peke yangu. Nakuja. Kisha mwingine: Selpher wa samaki, nakuja na dada zangu. Nyakio aliusoma ujumbe wa Emmah mara ya pili. Alikuwa akipanda ngazi zile kusukwa kila mwezi, na hawakuwahi kutajiana kiwanja. Alifurahi hata akaona aibu kufurahi kiasi hicho mbele za watu.

— Bado mmoja, — Mwalimu Fathiya alisema. — Mzee wangu?

Waziri alikuwa akikoroga kahawa isiyo na sukari. — Ni lazima?

— Ni lazima.

— Gichuru.

— Na la pili?

Aliendelea kukoroga. — Gichuru Kibe.

Kalamu ya Mwalimu ilisimama kiganjani mwake.

— Si ndugu yangu, — Waziri alisema, macho kikombeni. — Hatujuani, hatusalimiani, hata shamba zetu hazipakani. Lakini tangu alete hii maneno ya maegesho, kila jioni nakaa hapa mkimtukana Kibe, nami nameza na kahawa. Ningesema nini? Mngenipa nafasi kwa benchi?

Hewa ndiye aliyepasuka wa kwanza. Alicheka akateleza benchini, Ogutu akamfuata, na Mzee Twahir akaweka dele chini ili asimwage. Nyakio alicheka mpaka akamshika Waziri begani, na hapo akahisi bega la mzee nalo linatikisika.

— Jamani, ofisi inafunga, — Mwalimu alisema, akijipangusa macho kwa ncha ya mtandio. — Nani nimweke wa kwanza?

Nyakio alifungua kinywa, lakini Waziri alikuwa amekwisha simama, na goti lolote lisimsumbue. Alifunga vifungo vya koti lake la kijivu, kimoja kimoja mpaka cha shingoni.

— Weka mimi, — alisema. — Kesho wakiuliza Kibe anasemaje, mimi ndiye nitawajibu.