Samahani ya Uani: Maisha ya Katekista Gaudensi Uwesu Mchopa (1954–2024)

Katekista Gaudensi Uwesu Mchopa alizaliwa Mnero, wilayani Nachingwea, tarehe 3 Mei 1954, mtoto wa tatu wa Mzee Uwesu Mchopa. Alisoma shule ya msingi huko huko, akamaliza darasa la saba mwaka 1969. Hesabu zilimpiga chenga mapema, lakini kwa kuimba hakuwa na mpinzani.

Mwaka 1976 alimaliza kozi ya ukatekista, akatumwa vijiji vya Ruangwa, akawa anafundisha dini huku akilima ufuta. Tarehe 12 Julai 1980 alifunga ndoa na Letisia, mama yetu, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka 1998 walihamia Kiegei kwenye mikorosho ya babu, naye akawa katekista wa kigango chetu. Padre asipofika, yeye ndiye aliyeongoza ibada ya Jumapili. Wengi wenu aliwaandaa kwa kipaimara, na wengine aliwazikia wazazi.

Kila msimu wa mabibo, marehemu alikwenda shamba na chupa ya chai nyuma ya baiskeli. Sisi wanawe tukiomba hata funda moja, tulifukuzwa mbio. "Niacheni, hii ni dawa yangu ya kifua!" Jamani, ulikuwa uraka, pombe ya mabibo. Aliununua kwa Mama Tabitha, mwimbishaji wa kwaya yetu, aliyekamua mabibo na kuuza uani kwake ili asomeshe watoto.

Jumamosi moja ya Oktoba 2009, marehemu alifika pale akiwa tayari amelewa. Mama Tabitha akakataa kumjazia chupa. Alimwambia, "Katekista, kesho unatuongozea ibada. Nenda nyumbani ukapumzike." Kumbe alimstahi. Marehemu aliondoka amenuna, na kesho yake, mbele ya altare, akamtaja kwa jina kuwa anaharibu vijana wa kigango kwa pombe. Akamtoa kwenye kwaya siku hiyo hiyo. Mama Tabitha angeweza kusimama akasema yote. Alichukua khanga yake, akatoka, hakurudi tena. Nasi familia tukabaki kwenye benchi la mbele kila Jumapili, tukimwitikia marehemu "Amina."

Mwaka 2022 marehemu alianza kuugua koo, na vipimo vikaonyesha kansa. Hapo ndipo alipoacha uraka. Alipanda bodaboda akaenda kwa Mama Tabitha, akapiga magoti uani, akaomba msamaha. Mama Tabitha alimjibu, "Ulinisema mbele za watu, Katekista. Samahani ya uani mimi siitaki."

Marehemu alikubali kwamba Mama Tabitha alikuwa na haki ya kukataa. Aliahidi kusimama kanisani Jumapili inayofuata. Akaahirisha. Akaahirisha tena, akisema aibu inamkaba kuliko ugonjwa, mpaka sauti ikakatika kabisa. Wiki ya mwisho alimnong'oneza binti yake Eva, ambaye ndiye msomaji wa wasifu huu: "Nisemee wewe. Usinipambe." Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, nyumbani kwake, akiwa ameshikwa mkono na mkewe.

Jana baba mdogo Ismaily aliomba aya hizi zifutwe. "Eva, mambo ya ndani hayasomwi kaburini!" Mama akamjibu, "Shemeji, Tabitha alisemwa mchana kweupe. Mwache mtoto asome." Basi nasoma, na uso sina pa kuuweka.

Mama Tabitha, tumekuona umekaa kule nyuma. Marehemu alikusingizia kwa hasira ya kunyimwa pombe, naye ndiye aliyekuwa mteja wako. Hukuharibu mtoto wa mtu. Sisi mkewe na wanawe tulijua, tukanyamaza kwa sababu tulipenda kuitwa nyumba ya Katekista. Tunaona aibu. Tusamehe.

Marehemu ameacha mjane, Letisia, watoto Eva, Kaimu, Stumai na Anuari, wajukuu tisa, na mdogo wake Ismaily.

Maneno ya mwisho ya wasifu, yale ya kumwombea apumzike kwa amani, hatukuyachapa kwenye ratiba. Mama Tabitha, tumekuachia wewe uyaseme, ukipenda. Usipopenda hatutakulaumu, tutamfukia hivyo hivyo.