Kushona Kwanza, Kisu Baadaye

Haya nimeambiwa na mke wa mwanangu juzi, aliporudi kutoka mjini. Kwenye basi, kiti cha mbele yake, alikaa mama anayekwenda hospitali kuwakataza madaktari wasimpasue mwanawe, aliyekutwa amekufa kitandani. Kando ya mama huyo alikaa msichana anayesomea udaktari, macho mekundu kwa kukesha zamu.

"Mama, wakimchunguza utajua kilichomuua."

"Nakijua. Mkewe ndiye aliyempikia."

"Ulimwona akitia kitu?"

"Kwani sumu hutiwa hadharani?"

"Je, kama ni moyo tu? Utakuwa umemfukuza mtoto wa watu bure, na wajukuu wako wakimfuata."

Waliokuwa wakilalamikia joto wakalisahau joto.

"Mtamchana kama gunia," mama akasema.

"Hapana, mama. Mwalimu wetu hutufundisha kushona kwanza, kisu baadaye. Uzi ukikaa ovyo anaufumua. 'Huyu ataoshwa na nduguze,' anasema, 'shona upya.' Mimi amenifumulia mpaka nikalia."

"Na mkikuta sumu?"

"Tutasema sumu."

"Na mkikuta moyo?"

"Tutasema moyo, hata kama wewe unataka sumu."

"Una mdomo wewe!" mama akasema, lakini hakuhama kiti. Akageukia dirisha.

Basi liliposimama kwenye lango la hospitali, mama akamgeukia msichana, akaanza kumwuliza kama mkwewe naye ataitwa kusikiliza majibu. Akamkuta binti amelala fofofo, kichwa begani kwake.