Presha ya Shomari

Kijiwe chetu cha Keko ni benchi moja la mbao za mninga, nimelipiga misumari mwenyewe, sikufundishwa na mtu. Sheria yake moja: kinachofika hapa ni cha wote. Sigara inazunguka, kashata inakatwa, hata gazeti linachanwa kurasa. Nilikuwa Kigamboni napaua nyumba ya shemeji yangu, nimerudi leo asubuhi nakuta pengo katikati ya benchi. Shomari, fundi cherehani wetu, kaanguka alfajiri akinawa uso. Mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, kauli hana. Yuko hospitali Mwananyamala. Na hawa wenzangu, badala ya kwenda kumwona, wanakunywa kahawa na kubishana!

— Presha hiyo, alisema Khalfani, tunayemwita Kemia kwa vile aliwahi kuosha mapipa kiwanda cha rangi. Daktari alishamwambia ni kalsiamu. Na kalsiamu ni nini? Chokaa! Mishipa yake imepigwa plasta. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wee Kemia, acha uongo, alidakia Revelian. Shomari alitueleza hapahapa. Ukuta wa mshipa una misuli. Kalsiamu ikipenya kwenye chembe za ile misuli, misuli inakaza, njia inabana, damu inasukumwa kwa nguvu. Vidonge vyake vinazuia isipenye. Plasta imetoka wapi?

— Sasa inapenya ikitokea wapi? aliuliza Kemia. Kwenye mifupa! Ndiyo maana wazee wanafupika.

— Maziwa ya kopo hayo, alisema Mbwana Chuma, mbeba vyuma wa zamani, kifua kama kabati. Toka mambo yawe ruksa, kila kopo linashuka bandarini. Mtu anakunywa chai, kumbe anajijengea ukuta ndani. Mwisho anakuwa sanamu!

— Dawa yake asidi, alisema Kemia. Pipa likiganda uchafu tulikuwa tunalimwagia, linang'aa. Shomari apewe ndimu tupu, chokaa yote itatoka kwa njia ya mkojo.

— Ndimu ya nini, braza? alisema Mbwana. Vile vidonge vina nguvu. Mie kile changu kilinilegeza mpaka nikashika ukuta.

Nikaweka kikombe chini.

— Chako kipi, Mbwana?

Mbwana akapuliza kahawa iliyokwishapoa.

— Nakuuliza wewe. Chako kipi?

— Si alinipa... Hapa hakuna anayekula peke yake, unajua mwenyewe.

— Una presha?

— Nitajuaje? Kinga ni bora kuliko tiba.

— Kemia?

— Mie nilichukua vichache tu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Chawa gani, mwanaharamu wee! Revelian?

Revelian akatazama viatu vyake.

— Mie nilimpelekea mama watoto. Alikuwa analalamika kichwa.

— Na Shomari akameza nini?

— Alisema anajisikia mzima, bwana, alijibu Revelian. Akasema anapumzika kidogo mpaka apate vingine.

Watu wazima, wenye ndevu, wamegawana dawa ya mgonjwa kama karanga! Nilitaka kumrukia mtu, sikujua nianze na nani.

Ndipo Najma akatokea, binti wa Shomari, khanga mabegani, macho mekundu.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukaitikia.

— Daktari anataka kujua kama baba alikuwa anameza dawa zake kila siku. Mama hajui, maana pakiti alikuwa anakuja nayo huku. Baba mwenyewe hawezi kusema. Nikamjibu nini?

Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe. Kemia akakohoa. Nikawageukia:

— Mwambieni mtoto!

Mbwana akageukia barabarani, Revelian akainama kufunga kamba za viatu.

— Jamani, alisema Najma, si mlikuwa naye nyie?