Mzee Elimringi Mtui na Kichwa Namba 47

Ndugu waombolezaji, marehemu hakupenda mtu asifiwe uongo kwa sababu amekufa, akiusikia msibani alikuwa anatoka nje, kwa hiyo tunayosoma hapa ni yale yaliyokuwa, na pale alipokosea tumeandika kwamba alikosea.

Mzee Elimringi Aminiel Mtui alizaliwa tarehe 12 Agosti 1954, Marangu, mkoani Kilimanjaro, akiwa wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Aminiel na Mama Ruthi. Alisoma shule ya msingi huko huko, 1963 hadi 1969, hakuendelea, na mambo ya injini za dizeli alijifundisha mwenyewe kwenye vitabu vya Kiingereza, akianza na picha, maneno yakafuata.

Mwaka 1974 alikuja Dar es Salaam, akaajiriwa reli kusafisha vichwa vya treni, akapanda hadi fundi mkuu wa karakana, akastaafu tarehe 12 Agosti 2014. Hasira zake mlizijua, zilikuwa kama moshi wa injini inapowashwa, unatoka mweusi kisha unapotea.

Tarehe 5 Desemba 1981 alifunga ndoa na Bi. Theopista, wakajaliwa Klara na Filbert, na mjukuu mmoja, Lucky. Waliishi hapa Mchafukoge, na honi ya treni ikilia tukiwa mezani, alitaja kwanza ni kichwa kipi, ndipo tukaendelea kula.

Februari 2022 alisikia kwamba Kichwa Namba 47, cha kwanza kukabidhiwa akitengeneze peke yake, kilicholazwa bila kazi tangu 2009, kinakwenda kukatwa kiwe chuma chakavu. Alikwenda karakana akasema yote yaliyokuwa moyoni mwake, na mkubwa wa pale, Bwana Khalfani, akamjibu kwamba kichwa kinachojipeleka chenyewe mpaka langoni si chakavu, akampa hadi Jumatatu, tarehe 14 Machi, siku ya wakataji kuja na mitungi yao ya gesi. Mzee akahamia kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Hafidhi muuza spea akamwazima betri sita za malori, na Bi. Theopista, aliyekiita kichwa kile mke mwenzangu, akawa anapeleka chai na chapati.

Siku ikafika, wakataji wamekalia mitungi yao wanasubiri. Saa nne asubuhi kichwa kikawaka, watu wakashangilia, lakini hakikusogea hata inchi moja. Mzee akamfokea Hafidhi kwa betri zake, akaifokea reli yenyewe, akawafokea wakataji kwa kukaa tu, mpaka Bi. Theopista, chupa ya chai mkononi, akamuuliza taratibu, "Baba Klara, ile breki ya mkono si wewe uliyeifunga?"

Ni yeye, mwaka 2009, aliifunga kwa nguvu zake zote, kama kanuni inavyotaka kichwa kinapolazwa. Akaizungusha akaifungua, kichwa kikatembea polepole mpaka langoni, naye akashuka akamwomba radhi kila aliyemfokea, mmoja mmoja, wakataji wakiwemo.

Tangu hapo kimewekewa paa, wanafunzi wanakuja kukiona, na kila Jumamosi lazima kiwashwe kisije kikagoma, kazi ambayo hakumwachia mtu.

Mwezi Mei 2024 alianza kuumwa moyo, akatibiwa hospitali pale Upanga, madaktari wakamkataza hasira, akawakasirikia. Siku ya mwisho hakuuliza kuhusu moyo wake, aliuliza Jumamosi nani atakiwasha, Klara akasema, "Mimi, baba," ndipo akalala. Alifariki Alhamisi, tarehe 3 Oktoba 2024, saa nane mchana, akiwa na miaka sabini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia ukali wake, majirani wa Mchafukoge mliopika na kukesha nasi, Hafidhi na wenzake wa Gerezani, na wafanyakazi wenzake wa reli, ambao tukianza safari ya kumzika Marangu leo watampigia honi, naye angekuwepo angetaja ni kichwa kipi.

Juzi Jumamosi Klara alikwenda akakiwasha, kikatembea hadi langoni na kurudi. Baba Klara, pumzika kwa amani, Klara alianza kwa kuifungua breki.