Nukta Nyekundu za Meza ya Kwanza

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi mkuu wa karakana ya sauti ya jumba letu la muziki atastaafu rasmi Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu. Kwenye faili lake kuna jina kamili, lakini tangu mwaka wake wa pili hapa hakuna aliyelitumia. Sote tunamwita Mzee Nukta. Uongozi umemwomba mwandishi wa wasifu huu, aliyekaa naye meza kwa meza kwa miaka ishirini na saba, aandike maneno machache. Mwandishi alisita. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, basi ameandika.

Mzee Nukta aliingia kazini kama mtunza stoo, mtu wa kukunja nyaya na kupanga maikrofoni. Hakuwa na cheti cha ufundi. Mwandishi anacho, tena kiko ukutani kwenye fremu, na wageni hupita chini yake wakielekea meza ya kwanza, ya Mzee Nukta. Ndani ya miaka sita mtunza stoo akawa fundi, na baada ya mitano mingine akawa fundi mkuu. Ametunukiwa cheti cha mfanyakazi bora mara tatu. Mwandishi naye amewahi kukishika cheti hicho, siku mstaafu alipomwomba amshikie kidogo afunge kamba za viatu.

Sifa zake zilitokana na vidude viwili ambavyo mpiga gitaa huvikanyaga kwa mguu jukwaani ili sauti ya gitaa ikwaruze. Pedali ya kwanza huitwa ovadraivu, ya pili distoshen. Kwa asiyejua, zote ni makelele tu. Lakini ovadraivu hufuata kidole: ukigusa uzi polepole inanong'ona, ukikaza inapanda. Distoshen haina habari na kidole chako. Gusa au kaza, yenyewe inaikata sauti kichwa na kuitoa kwa ukubwa uleule. Ukiwa peke yako chumbani utadhani kuta zinapasuka. Drami na besi zikiingia, inazama.

Kwa hiyo kila mpiga gitaa ana swali moja: vitufe vya sauti vya pedali hizi avizungushe mpaka wapi, ili akihama kutoka moja kwenda nyingine asiwazibue watu masikio wala asipotee? Kuviweka vyote katikati hakusaidii, maana katikati ya hii si katikati ya ile. Mwandishi hutumia mita ya kupimia sauti, na mita ni chombo cha kitaalamu. Mzee Nukta alikuwa na masikio mawili na chupa ya rangi nyekundu ya kucha aliyomwomba mkewe. Alikaa kiti cha mwisho ukumbini, karibu na mlango, bendi nzima ikipiga, akaonyesha kwa kidole: juu, chini, hapo hapo. Kisha akaenda kutia nukta kwenye kitufe, pale kilipoishia. Bila drami hakuweka nukta ya mtu. Siku moja mpiga drami alichelewa, basi akamwomba mama wa usafi agonge ndoo zake mbili. Mama yule aligonga vizuri kiasi kwamba mpiga drami alipofika, aliulizwa kwani ana haraka gani.

Kizuri chajiuza, na meza ya kwanza haikukosa wateja. Wiki moja mwandishi alihesabu: pedali kumi na saba zilikwenda kwa Mzee Nukta, mbili zikaja meza ya pili, kwa mwandishi, na moja kati ya hizo mbili ililetwa kwa sababu Mzee Nukta alikuwa kwa daktari wa meno. Hata mke wa mwandishi akipiga simu kazini huanza kwa kuuliza kama shemeji Nukta hajambo. Mwenye wivu ajinyonge, wanasema. Mwandishi aliona heri abaki kazini.

Hapa naomba niache kujiita mwandishi, maana yanayofuata ni ya kwangu.

Miaka tisa iliyopita binti yangu alipata nafasi ya kupiga gitaa la solo na bendi ya jumba hili, mara yake ya kwanza. Siku ya mazoezi ya mwisho aliingia karakana na pedali zake mbili mkobani. Nikasogeza makaratasi, nikafuta meza. Akaniamkia, akanipita, akaziweka mezani kwa Mzee Nukta. Gitaa lake la kwanza nilimnunulia mimi. Niliona wivu, na leo sioni haya kulisema.

Kesho yake, siku ya onyesho, saa ya chakula cha mchana, Mzee Nukta akiwa ametoka na pedali ziko mezani kwake, nilichukua kitambaa chenye thina nikazifuta zile nukta alizokuwa amewekewa. Nikapima kwa mita, pedali moja baada ya nyingine, katika chumba kimya, mpaka namba zikalingana. Nikatia nukta mpya kwa rangi ileile kutoka droo ya Mzee Nukta. Nia yangu haikuwa kumharibia mtoto. Nilitaka apige vizuri, watu washangilie, kisha nisimame niwaambie wote kwamba hizo ni alama za baba yake.

Jioni, jukwaani, binti alizungusha vitufe mpaka kwenye nukta, kama alivyoelekezwa. Alianza na ovadraivu, ikaenda vizuri. Ulipofika wakati wa solo akakanyaga distoshen, na gitaa likatoweka. Vidole vilikimbia, ukumbi mzima ukaviona, lakini ilikuwa kama kumtazama mtu anayeongea nyuma ya kioo. Chumbani namba zangu zililingana. Pale drami na besi zilimmeza mwanangu. Mzee Nukta alitoka mlangoni ameinama, akapita kati ya viti, akakizungusha kitufe kwa mkono wake. Solo ilikuwa imebaki robo.

Nyuma ya jukwaa kiongozi wa bendi aliuliza kwa ukali nani kaweka alama zile. Nilifungua mdomo, au nadhani nilifungua. Mzee Nukta aliziangalia pedali, akaniangalia mimi, akasema, "Alama ni zangu. Kosa ni langu." Mwaka ule cheti kilikwenda idara nyingine. Na binti yangu, machozi hayajamkauka, akaninong'oneza: "Baba, kuanzia leo pedali zangu utaziweka wewe."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imekwenda miaka tisa. Muda wote huo nimemwekea pedali zake, na mita sijaigusa hata mara moja; nakwenda mazoezini, nakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, naonyesha kwa kidole. Binti huwaambia watu kwamba baba yake ana masikio kuliko fundi yeyote. Mzee Nukta yuko hatua nne kutoka hapo, anasikia, anaendelea na kazi yake.

Jumanne hii alikuwa anasafisha droo zake. Akanipa ile chupa ya rangi ya kucha, nadhani ya saba tangu aanze. Nikamwambia kuna jambo la siku ile nataka kulisema. Akacheka.

"Ndugu yangu, kitambaa chako kilinuka thina mpaka jioni."

Nikamuuliza kwa nini basi alinibebea mzigo. Akaendelea kupangusa droo.

"Binti yako fundi mwingine angempata," alisema. "Baba mwingine angemtoa wapi?"

Nilikuwa nimejiaminisha kwamba siku akiondoka, wivu wangu nao utastaafu. Umezidi. Masikio yake niliyaiga kwa miaka tisa nikafaulu kidogo, lakini hilo alilolifanya nyuma ya jukwaa mimi sikuliweza, wakati mtoto ni wangu.

Kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote, tunamshukuru Mzee Nukta kwa miaka thelathini na mmoja. Yeye na mkewe tunawatakia afya, usingizi mzuri wa mchana, na chupa za rangi ya kucha ambazo sasa zitaisha kwenye kucha. Maisha mema, kaka.

Hafla itaanza Ijumaa saa tisa alasiri, na hadi saa hiyo mstaafu atakuwa mezani kwake. Bendi itakuwa ukumbini, drami zipo. Binti yangu, nukta za siku ile nilizitia mimi. Njoo saa saba na pedali zako. Ukifika kwangu niamkie, lakini usisimame. Nenda meza ya kwanza.