Marehemu Thabit Hippolyte na Goli Lake la Taifa

Marehemu Thabit, ambaye wazazi wake walimpa jina la Curtis, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika mji wa Anse Marron, Sainte-Odile, kisiwa kidogo cha Karibi. Alikuwa wa nne kati ya watoto sita wa Bwana Alphonse, fundi muashi, na Bibi Marie, muoka mikate. Kwa miaka ishirini aliwaeleza watu wa Muscat kisiwa chake kiko wapi, na bado majirani walimpongeza kila Brazili iliposhinda.

Alisoma Anse Marron mpaka miaka kumi na sita. Aliacha kwa sababu mtihani wa mwisho ulipangwa siku ya mechi. Hakulijutia hilo, nasi hatutalijuta kwa niaba yake.

Mwaka 2001 aliitwa timu ya taifa, mshambuliaji wa kati. Mwaka 2004 alikuja kuchezea klabu ya daraja la pili hapa Muscat, akapanga chumba Darsait, juu ya gereji. Klabuni alifunga magoli sitini na moja. Taifa lake alilichezea mechi ishirini na sita bila hata moja. Walipomuuliza atastaafu lini, alijibu, "Nikifunga."

Alisilimu mwaka 2007, na Januari 2008 alimuoa Nadra binti Amur wa Mabela. Mama mkwe wake, Bi Sayyida, mzaliwa wa Unguja, alimfundisha Kiswahili na adabu ya uwanjani.

"We Thabit, nnakuona unavyorukaruka ukifunga, na fulana unavua! Mtu mzima na mkewe! Ukifunga sujudu, mshukuru aliyekupa."

"Taibu, mama, ntasujudu."

Tarehe 12 Oktoba 2012, kwao Sainte-Odile, alicheza mechi ya ishirini na saba. Mvua ilikuwa kubwa, hata kamera ya pekee ilifunikwa turubai. Dakika ya sabini na nane ikaja krosi. Thabit na beki wakaruka pamoja, Thabit akaupiga kichwa, mpira ukaingia. Akasujudu.

Pale uwanjani hakuna aliyewahi kuona jambo hilo. Daktari wa timu akadhani amezimia, akaingia na machela. Wakambeba huku akipiga kelele kwa Kiswahili, "Nnashukuru! Nnashukuru!", wakazidi kuamini kuwa kichwa kimeumia. Kamisaa wa mechi alipoinua macho alimkuta mshambuliaji kalala na beki kasimama, kajishika kichwa. Akaandika: beki amejifunga.

Kila Oktoba marehemu alikiandikia chama cha mpira cha kwao kudai goli lake. Beki naye aliandika, kwa hamu kubwa zaidi, kwamba yeye mpira hakuugusa. Chama kilijibu mara mbili: suala linafikiriwa. Bi Sayyida alikuwa akilia, "Mimi ndo nlomkosesha mtoto wa watu goli lake." Marehemu akimwambia, "Mama, kule juu limeandikwa. Hawa wa hapa chini ndo nnaowafukuzia."

Alistaafu mwaka 2014, akafundisha vijana wa Mabela. Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Oktoba iliyopita, sindano ikiwa mkononi, alimtaka mkewe ashike kalamu.

"Pumzika basi, baba Lujain."

"Nnapumzika. We andika: Waheshimiwa."

Alifariki alfajiri ya Alkhamisi, tarehe 9 Januari 2025, akiwa na miaka arubaini na mitano, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya adhuhuri.

Ameacha mama yake, Bibi Marie, mjane wake, Nadra, watoto wawili, Lujain na Badr, ndugu watano, na Bi Sayyida. Barua ya Oktoba ijayo ataandika Lujain, na Bi Sayyida ameshasema atatia dole gumba chini yake. Mpaka chama kitakaposalimu amri, familia inaomba kila atakayemtaja marehemu aseme wazi kwamba alilifungia taifa lake goli moja.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na huko aliko apate raha.