Fundi Sindano na Watu Wake wa Jumanne

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Sindano, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji ya mabasi. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Kaka yake mkubwa na mdogo wake wa kiume wamekaa hapo mbele, kivulini. Waliomba wasifu huu uwe mfupi na uruke mambo fulani. Dada yao, anayeusoma, hakuwaahidi kitu.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1985. Alikuwa na mkono mwepesi tangu utotoni. Mpira wa shule ulipopasuka aliushona yeye, na mwalimu wa michezo akaacha kabisa kuwaza kununua mwingine. Baadaye alijifunza kutengeneza makochi kwa mjomba wake, na mwaka 1990 akaajiriwa katika karakana ya samani karibu na stendi.

Pombe alifundishwa na kaka yake mkubwa, aliyekuwa akimpitia kazini kila Ijumaa. Ilipomkolea, Sindano akawa anaficha chupa ndani ya sponji za makochi ya wateja, kisha anasahau ni kochi gani. Siku moja mwalimu mkuu mmoja, mama mkali, alipelekewa kochi jipya. Wageni wakakaa, kochi likalia. Akachana kitambaa kwa kisu cha jikoni na kutoa chupa iliyobaki nusu. Ndugu zake husimulia kisa hiki kila penye sherehe, wakicheka hadi machozi. Hawakimalizii. Kesho yake Sindano alimwaga unga, akafukuzwa karakana.

Alifunga ndoa mwaka 1998 na mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa mabinti wawili. Mke huyu alivumilia mengi, lakini baada ya kisa cha kochi alifunga mizigo, akawachukua watoto, akaenda kwa mama yake. "Nitarudi nikikuona mzima," alimwambia. "Ahadi zako nimeshashiba."

Ndipo jirani yao, muuguzi mstaafu, alipomwita akarabati viti vya chumba kimoja juu ya duka la dawa. "Njoo Jumanne jioni," alimwambia. "Kutakuwa na watu wanaongea. Wewe shona tu." Watu hao walikuwa walevi wanaojaribu kuacha, na mama yule alijua vizuri alichokuwa akifanya. Dereva wa lori alisimulia alivyowahi kunywa spiriti ya kuwashia jiko. Mwalimu wa hesabu alilia. Sindano aliinamisha kichwa akashona. Kila Jumanne alimaliza kiti kimoja, yeye ambaye enzi za karakana alikuwa akimaliza vitano kabla ya chakula cha mchana. Viti vilipokwisha, muuguzi alimkuta anafumua kimoja.

"Hicho si ulishakimaliza?"

"Hakijakaa sawa, mama."

"Weka mkasi chini, baba. Kikalie tu."

Alikikalia, akasema yote, hata ya kochi, na safari hii hakuna aliyecheka. Mkewe alirudi mwaka uliofuata. Sindano hakuonja tena pombe kwa hiari yake.

Kwa hiari yake, kwa sababu ndugu zake walijitahidi sana. Walimwambia anakwenda kuwavua nguo mbele ya watu baki. Kwenye harusi ya mdogo wake, kaka mkubwa alimchanganyia pombe kali kwenye soda, ukoo mzima ukitazama kwa kicheko. Sindano alitema mezani, akamshika mkono mkewe, wakaondoka. Tangu siku hiyo ndugu hawa hawakukanyaga kwake, na dada yao hajui walikuwa wanamkomoa kwa kosa gani, labda la kupona.

Ini lilianza kumsumbua mwaka juzi. Daktari alieleza kwamba lilikuwa limeharibika zamani, enzi za zile Ijumaa. Hata hivyo kaka mkubwa alisimama kwenye korido ya hospitali akitangaza kwamba kikundi ndicho kilichomuua, eti mwili ulikuwa umezoea pombe. Sindano alisikia. Akamwambia dada yake, kwa sauti ya kukwaruza: "Jeneza langu wabebe watu wa Jumanne. Hao wamenibeba nikiwa mzito kuliko hivi." Alifariki tarehe 9 Juni, mkewe akiwa amemshika mguu. Dada yake alilia, na bado ana hasira.

Asubuhi hii ndugu wa kiume wamejipanga wenyewe kubeba, wakisema maiti ya kwao haishikwi na walevi.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, dada, kaka na mdogo wake wa kiume. Ameacha pia muuguzi, dereva, mwalimu na wenzao, waliosimamishwa kule nyuma karibu na choo. Waje mbele sasa. Wao ndio wanaobeba. Kaka mkubwa ameapa kwamba hilo likifanyika ataondoka, na njia ameachiwa.

Mungu amlaze mdogo wetu pema, mbali na mikono iliyommiminia.